Katuni, Sindano ya Ganzi na Hofu ya Mtoto Kwenye Kiti cha Meno

Kwa mtu mzima, sindano ya ganzi ni kinga dhidi ya maumivu. Kwa mtoto wa miaka mitano, sindano hiyo ndiyo maumivu yenyewe. Mtu mzima anajua kwamba mchomo wa muda mfupi utamwepusha na uchungu mkubwa wa kung'olewa au kuchimbwa jino. Mtoto hana hesabu hiyo. Anachokiona ni bomba la chuma, ncha inayong'aa, na mikono ya mtu asiyemfahamu inayokaribia mdomo wake. Ndiyo maana katika matibabu ya meno ya watoto, kazi nzito mara nyingi huwa si kuling'oa jino, bali kulitia ganzi.

Katika miongo ya karibuni, wataalamu wa fani hii wameelekeza macho kwenye njia ambayo kwa mtazamo wa haraka yaweza kuonekana kama mchezo: kumwonyesha mtoto filamu fupi, kwa kawaida katuni, huku akisikiliza sauti yake kupitia visikilizio vya masikioni, wakati dawa ya ganzi ikidungwa. Njia hii huitwa kuhamisha mawazo kwa picha na sauti. Swali linaloulizwa na wazazi, na hata na baadhi ya watabibu, ni la haki kabisa: je, katuni inaweza kweli kupunguza uchungu wa sindano?

Uzito wa hofu

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu hali ya afya ya kinywa, lilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza na ambayo hayajatibiwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 yalikadiria kwamba takriban asilimia 9 ya watoto na vijana wana hofu kubwa ya matibabu ya meno. Mambo haya mawili hulishana. Mtoto aliyeogopeshwa hukataa kurudi kliniki. Jino lililokuwa na tundu dogo huachwa mpaka uozo ufike kwenye kiini. Siku anaporudishwa, uso umevimba na usiku haujalalika. Tiba inayobaki ni nzito zaidi, nayo huacha kumbukumbu mbaya zaidi.

Nchini Tanzania mzunguko huu hupata nguvu ya ziada, kwa kuwa wagonjwa wengi hufika kwa daktari wa meno baada ya maumivu kuanza, na tiba wanayoipata zaidi ni kung'oa. Kwa mtoto wa namna hiyo, siku ya kwanza kukiona kiti cha meno huwa pia siku ya kwanza kukutana na sindano ya mdomoni. Hajapata nafasi ya kumzoea daktari kwa ziara ya kuhesabiwa meno tu.

Mtoto asipokubali sindano, njia zilizobaki si nyepesi. Ipo gesi ya naitrasi oksaidi ya kutuliza, ambayo vituo vingi havina. Ipo nusukaputi, inayohitaji chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi na gharama ambazo familia nyingi haziziwezi, nayo haikosi hatari zake. Na ipo njia ya kumshika mtoto kwa nguvu, ambayo humaliza kazi ya siku hiyo na kuharibu ya miaka mingi ijayo. Lolote linaloweza kumfanya mtoto akubali sindano bila kulazimishwa linastahili kuchunguzwa kwa makini.

Kwa nini hofu huzidisha maumivu

Maumivu hayasafiri kutoka kwenye fizi hadi kwenye ubongo kama maji katika bomba. Mwaka 1965, wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango, inayosema kwamba katika uti wa mgongo kuna mfumo unaoweza kupunguza au kuongeza ishara za maumivu kabla hazijafika juu. Lango hilo huathiriwa na mambo mawili. Kwanza, mguso: mtu aliyejigonga mguu huusugua bila kufundishwa, kwa kuwa ishara za mguso huzizuia kwa kiasi ishara za uchungu. Pili, amri zinazoshuka kutoka kwenye ubongo wenyewe: wasiwasi hulifungua lango, utulivu hulifunga. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vimerekebishwa tangu hapo, lakini wazo lake kuu limedumu, na picha za ubongo ukiwa kazini zimeonyesha kwamba mtu anayeshughulishwa na jambo jingine huyahisi maumivu yaleyale kwa kiwango kidogo zaidi.

Usikivu wa binadamu ni kama mfuko wenye ujazo wake. Ukijazwa hadithi, rangi na nyimbo, nafasi inayobaki kwa sindano hupungua. Picha na sauti kwa pamoja zina faida juu ya sauti peke yake, kwa sababu huteka milango miwili ya fahamu kwa wakati mmoja: jicho halioni sindano, na sikio halisikii mlio wa vyombo vya chuma wala kilio cha mtoto wa chumba cha jirani. Kwa watoto wengi, kuiona sindano ikija ndiko kunakoamsha kilio, kabla hata ncha haijagusa fizi.

Kutoka maporomoko ya sauti hadi miwani ya video

Wazo hili lina historia ndefu kuliko kishikwambi. Mwaka 1959, daktari wa meno Wallace Gardner wa eneo la Boston, Marekani, pamoja na mwanasaikolojia J. C. R. Licklider, walieleza namna walivyowavisha wagonjwa visikilizio na kuwapa kitasa cha kuongozea sauti mkononi. Mgonjwa alisikiliza muziki. Alipohisi maumivu yanakuja, alizungusha kitasa na kuongeza mngurumo mzito unaofanana na maporomoko ya maji. Taarifa zao za mwanzo zilijaa matumaini, na wagonjwa wengi walitibiwa bila ganzi. Licklider huyohuyo ndiye ambaye baadaye mawazo yake kuhusu kuunganisha kompyuta yalichangia kuzaliwa kwa intaneti, ambayo leo ndiyo hubeba katuni hadi kwenye simu ya mzazi.

Matumaini yale hayakudumu, na sababu yake ina funzo. Mwaka 1963, Melzack na wenzake waliwapima watu waliotumbukiza mikono katika maji ya barafu. Waliopewa sauti kali bila maelezo yoyote hawakuvumilia zaidi. Walioambiwa kwamba watasaidika, lakini wakapewa mvumo hafifu tu, nao hawakuvumilia zaidi. Waliopata vyote viwili, sauti na maneno ya kuwatia moyo, ndio waliostahimili kwa muda mrefu zaidi. Chombo bila neno hakikufaa, na neno bila chombo halikufaa.

Mwaka huohuo wa 1959, daktari Addelston alipendekeza utaratibu ambao hadi leo ni nguzo ya matibabu ya meno ya watoto: eleza, onyesha, tenda. Mtoto huelezwa kwa lugha anayoielewa, huonyeshwa kifaa kwa namna isiyotisha, kisha hufanyiwa kilekile alichoelezwa. Teknolojia zilizofuata, kuanzia runinga ya darini hadi miwani ya video na vifaa vya uhalisia pepe, zote hufanya kazi vizuri pale zinapowekwa juu ya nguzo hiyo, na huyumba pale zinapowekwa mahali pake.

Ushahidi unasema nini

Katika mji wa Davangere, India, watafiti walilinganisha watoto 60 wenye umri wa miaka 4 hadi 8. Kundi moja lilitibiwa kwa utaratibu wa kawaida, la pili lilisikiliza sauti, la tatu lilitazama na kusikiliza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba wasiwasi ulipungua zaidi katika kundi la picha na sauti. Tafiti nyingine za aina hiyo zimefanywa katika nchi kadhaa za Asia na Mashariki ya Kati, zikiwamo zilizolenga hasa dakika za kudungwa ganzi, na nyingi zimeelekea upande huohuo.

Hata hivyo, msomaji makini hatosheki na kuhesabu tafiti zinazokubaliana. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio 59 kuhusu sindano za aina mbalimbali kwa watoto na vijana, yaliunga mkono kuhamisha mawazo kuwa njia inayopunguza maumivu na fadhaa, ingawa ubora wa ushahidi ulikuwa wa chini. Mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2020, yaliangalia sindano ya ganzi ya meno peke yake. Yalikusanya majaribio 26 na kuhitimisha kwamba ushahidi bado hautoshi kuitangaza njia moja kuwa bora kuliko nyingine, kwa kuwa majaribio yalitofautiana mno katika utaratibu na vipimo.

Ugumu wa kupima ndio kiini cha tatizo. Kipimo cha Frankl cha mwaka 1962 hugawa tabia ya mtoto katika ngazi nne, kuanzia kukataa kabisa hadi kushirikiana kwa furaha. Lakini mtoto mpole anaweza kukaa kimya huku moyo ukimdunda kwa hofu. Kifaa cha kidoleni huhesabu mapigo ya moyo. Lakini mapigo hayo yanaweza kupanda kwa sababu shujaa wa katuni amekaribia kutumbukia shimoni. Picha za nyuso, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia, humpa mtoto nafasi ya kujisemea mwenyewe. Lakini mtoto mdogo huchagua uso anaoupenda, si uso anaofanana nao. Na mtu anayetazama na kutoa alama hawezi kufichwa ni mtoto yupi amevaa miwani. Tafiti zinazochanganya vipimo hivi ndizo zinazoaminika zaidi.

Hitimisho la haki, basi, ni hili: kuhamisha mawazo kwa picha na sauti huwasaidia watoto wengi, hakumsaidii kila mtoto, hakuna madhara makubwa, na gharama yake ni ndogo. Katika tiba, njia yenye sifa hizo hustahili kutumiwa huku uchunguzi ukiendelea.

Namna ya kuifanya kazi vizuri

Kliniki haihitaji miwani ya bei kubwa ili kuanza. Simu au kishikwambi chenye betri iliyojaa, kilichopakiwa filamu mapema ili kisitegemee intaneti wala umeme usiokatika, kinatosha. Kinachohitaji uangalifu ni mpangilio.

Jambo la kwanza ni muda. Katuni haianzi sindano inapoinuliwa, kwa kuwa mtoto atatambua kwamba ni hila. Huanza mapema, mara baada ya maelezo ya daktari, wakati jeli ya ganzi inapopakwa kwenye fizi iliyokaushwa. Jeli hiyo huhitaji dakika moja hadi tatu kufanya kazi, na dakika hizo ndizo mtoto anazozihitaji kuzama katika hadithi. Maandalizi mawili hukamilika kwa pamoja.

Jambo la pili ni mwendo wa mkono. Dawa ya ganzi inayosukumwa haraka huvimbisha tishu na kuuma; kasi inayoshauriwa ni karibu mililita moja kwa dakika. Kichupa cha kawaida chenye mililita 1.8, kikitumika chote, huchukua karibu dakika mbili, na kwa mtoto asiye na la kutazama dakika mbili ni kipindi kirefu sana. Hapa ndipo faida ya katuni huonekana wazi: humpa mtoto uvumilivu, na humpa daktari muda wa kudunga taratibu kama inavyotakiwa. Kuvuta na kutikisa shavu kwa upole wakati ncha inapoingia huongeza ishara za mguso, na hivyo kulisaidia lile lango la maumivu.

Jambo la tatu ni mahali pa skrini. Mtoto hulala chali, hivyo skrini inafaa iwe juu yake, usawa wa macho, ili asigeuze shingo kuitafuta. Skrini iliyowekwa ubavuni humfanya mtoto asogeze kichwa wakati sindano iko mdomoni, jambo la hatari. Kwa sababu hiyohiyo, vichekesho vya kumfanya mtoto aangue kicheko ghafla havifai kwa sekunde za kuingiza ncha; hadithi yenye mtiririko tulivu hufaa zaidi.

Jambo la nne ni uchaguzi. Mtoto mwenyewe ndiye anayepaswa kuchagua atakachotazama kati ya filamu mbili au tatu zilizokwisha kukaguliwa. Kwenye kiti kile mtoto hana mamlaka juu ya jambo lolote, na uchaguzi huo mdogo humrudishia sehemu ya mamlaka hayo, kama kitasa kilivyofanya mikononi mwa wagonjwa wa Boston. Lugha nayo ina nafasi yake. Mtoto anayezungumza Kiswahili huzama haraka katika hadithi anayoielewa, na leo zipo katuni za Kiswahili zinazotengenezwa Dar es Salaam, kama vile Akili and Me, ambazo watoto wengi wameshazizoea nyumbani.

Jambo la tano ni mawasiliano. Visikilizio visiwekwe kwa sauti kubwa, na ni busara kuliacha sikio moja wazi ili mtoto aendelee kusikia sauti ya daktari. Akubaliane na daktari ishara ya kusimamisha kazi, kwa kawaida kuinua mkono ulio mbali na daktari, na ishara hiyo iheshimiwe kila inapotolewa. Baada ya kila mtoto, skrini, miwani na visikilizio vifutwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Kifaa cha faraja hakipaswi kuwa njia ya kuambukizana.

Mipaka yake

Wapo watoto wasiofaidika na njia hii. Walio chini ya miaka mitatu au minne mara nyingi hawawezi kuvaa miwani wala kufuata hadithi. Wengine, hasa waliowahi kuumizwa, huogopa zaidi wanapozibwa macho na masikio, kwa kuwa hawajui nini kinakuja. Hao hutaka kuona na kuelezwa hatua kwa hatua. Mtoto mwenye usonji anaweza kutulizwa sana na filamu anayoijua, au kuvurugwa na uzito wa visikilizio kichwani. Daktari mzuri huuliza kabla ya kuvalisha.

Aidha, katuni si ganzi. Haitakiwi kuwa kisingizio cha kung'oa jino bila dawa, kupunguza dawa inayohitajika, au kuruka jeli ya kupaka kwa sababu imeisha stoo. Wala si pazia la udanganyifu. Mtoto aambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wake: kwamba jino litalazwa usingizi, kwamba atahisi kubanwa au kuchomwa kidogo, na kwamba kitapita. Anayeambiwa "haitauma hata kidogo", kisha ikauma, hupoteza imani kwa daktari na kwa mzazi kwa wakati mmoja.

Kazi ya mzazi

Hofu nyingi ya sindano hupandwa nyumbani kabla mtoto hajafika kliniki. Katika familia nyingi, sindano ni fimbo ya maneno: mtoto asipokula, asipolala, akipiga kelele, huambiwa kwamba atapelekwa kwa daktari akadungwe. Kila tishio la namna hiyo ni deni ambalo litalipwa kwenye kiti cha meno, na hakuna katuni inayoweza kulilipa lote. Mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe ana la kuanza nalo leo: kuacha kumtisha kwa sindano, kutosimulia mbele yake namna yeye mwenyewe alivyoteseka aking'olewa jino, na kumpeleka kwa uchunguzi wakati haumwi chochote.

Siku ya matibabu, maneno machache na uso mtulivu hufaa kuliko mahubiri. Baada ya ganzi, mzazi amwangalie mtoto kwa saa mbili hadi tatu, kwa kuwa mdomo uliokufa ganzi hautofautishi chakula na nyama yake, na watoto wengi hujitafuna mdomo au shavu bila kujua. Hapo pia hadithi nyingine kwenye simu inaweza kusaidia, ilimradi mtoto asiwe na kitu mdomoni.

Juu ya yote hayo, sindano iliyo nyepesi kuliko zote ni ile isiyohitajika. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani kujaribu tiba ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake: uozo laini huondolewa bila mashine, tundu hujazwa saruji maalumu ya meno, na mara nyingi ganzi haihitajiki. Njia hiyo leo hutumika katika nchi nyingi. Lakini hufaa kwa jino lililowahiwa mapema, na jino huwahiwa na mtoto asiyeogopa kuja.

Ndiyo maana mafanikio ya katuni hayapimwi tu kwa machozi yaliyozuiwa siku ya sindano. Kipimo kilicho kikubwa zaidi hupatikana miezi sita baadaye, kwenye daftari la mapokezi, pale jina la mtoto yuleyule linapoandikwa tena, na mbele ya safu ya sababu ya kuja pakaandikwa: uchunguzi wa kawaida.